Saa ya ofisi mkononi mwangu: msimamizi amejuaje kwamba silali?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni karani wa ghala kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar es Salaam. Miezi miwili iliyopita ofisi ilitugawia saa janja wafanyakazi wote, bure. Tukaambiwa ni mpango wa afya, na wengi tukizivaa kampuni itapunguziwa gharama za bima. Akaunti zetu zote kafungua mtu wa utumishi, sisi tulipewa saa zikiwa tayari. Kila Jumatatu orodha ya hatua inatupiwa kwenye grupu la WhatsApp, na walio mkiani wanataniwa wiki nzima. Juzi msimamizi wangu kaniuliza, "Mbona siku hizi hulali?" Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Je, ana haki ya kuona hayo? Nikiivua nitaonekana mkaidi? Halafu mume wangu anataka kumnunulia mtoto wetu wa darasa la tatu saa ya GPS, nikubali? La mwisho, mkanda unanitoa vipele.

JIBU: Marahaba, mama. Nimesoma barua yako mara mbili, na kilichonishtua ni ule mstari mmoja wa msimamizi. "Mbona siku hizi hulali?" Mtu hawezi kuuliza hivyo kwa kutazama wastani wa idara. Amefungua rekodi yenye jina lako akapitia usiku wako mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo tusipoteze muda kujiuliza kama ofisi inaweza kuona. Imeshaona.

Ili ujue imeona nini hasa, fanya hivi leo usiku. Zima taa, vua saa, igeuze tumbo juu. Utaona vitaa vya kijani vinapepesa. Damu hunywa mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu inayopita mkononi huongezeka kidogo, na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua kidogo. Kando ya vitaa hivyo kuna kijicho kinachohesabu kupungua huko, ndiyo mapigo yako hayo. Ndani kuna kidude kingine kinachohisi mtikisiko wa mkono. Vingine vyote unavyoona kwenye skrini, usingizi mzito, usingizi mwepesi, msongo wa mawazo, ni makisio ya programu. Saa haijui kwamba umelala. Inachojua ni kwamba mkono umetulia na mapigo yameshuka, halafu programu inaamua: huyu kalala saa nne, kashtuka saa nane, hakulala tena.

Vifaa hivi vilianza kwa adabu. Fitbit, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007, ilianza na kibanio cha kubana kwenye nguo, kazi yake kubwa kuhesabu hatua. Saa ya Apple ilitoka 2015, na ilipofika 2018 ilikuwa tayari inachora umeme wa moyo, kazi ambayo zamani ulilala kitandani hospitalini ukabandikwa nyaya. Sasa kuna pete zinazopima usingizi na miwani yenye kamera. Na pale Kariakoo unapata saa ya Kichina kwa bei isiyofika ya viatu vya shule. Vimetoka kuhesabu hatua hadi kuusikiliza mwili usiku kucha, na wakati huo ufunguo umebaki kwa yule yule mwenye akaunti.

Hapo nikuambie kisa changu, ingawa hakinipendezi. Mwaka juzi nilimpa mpwa wangu, kijana wa chuo, saa yangu ya zamani pamoja na simu iliyounganishwa nayo. Nilifuta picha, nikafuta meseji, akaunti ya saa nikaisahau. Siku kadhaa baadaye nafungua aplikesheni kwenye simu mpya, naona nimetembea hatua elfu kumi na nne siku ambayo nilishinda nimekaa mezani. Nikaelewa kilichotokea. Nilipaswa kuikata palepale. Sikuikata. Nilichungulia siku tatu nzima. Nikajua siku aliyokesha, nikajua moyo wake ulikwenda mbio Alhamisi saa sita usiku. Jumapili alipokuja nyumbani akasema, "Mjomba, wiki hii nilikuwa nasoma tu," nikajikuta namtazama kama hakimu. Kijana hakuwa amenikosea kitu. Mimi ndiye niliyeingia chumbani kwa mtu bila kupiga hodi, na wala sikuwa bosi wake.

Ndiyo maana niliposoma kwamba akaunti kafungua mtu wa utumishi, sikuhitaji kuuliza aina ya saa. Kwenye vifaa hivi mwenye nenosiri ndiye mwenye nyumba, anayevaa ni mpangaji tu.

Na juu ya mtu wa utumishi kuna mwenye nyumba mkubwa zaidi, kampuni iliyotengeneza saa. Tarehe 24 Agosti 2014, saa tisa na dakika 20 usiku, tetemeko lilipiga eneo la Napa huko California. Kampuni ya Jawbone, iliyokuwa ikiuza bangili za kupima usingizi, ikatoa grafu: kati ya wateja wake waliokuwa karibu na kitovu cha tetemeko, asilimia 93 walishtuka usingizini kwa wakati mmoja. Mstari umelala chini, ghafla unaruka kama ukuta. Watu waliipenda ile grafu, ikasambaa sana. Mimi nilipoitazama niliwaza jambo jingine: kumbe kuna ofisi mahali fulani ambako usingizi wa mji mzima unaonekana kwenye skrini moja. Jawbone yenyewe ilifilisika 2017. Fitbit nayo ilinunuliwa na Google kwa takriban dola bilioni 2.1, mpango uliokamilika Januari 2021, na wakubwa wa Ulaya waliuruhusu kwa masharti, likiwamo la kwamba data za afya za watumiaji wa Ulaya zisitumike kwa matangazo ya Google kwa miaka 10. Kampuni inakufa au inauzwa, ila rekodi za miili ya watu hazizikwi nayo.

Labda utasema, kulala kwangu kuna siri gani? Mwaka 2016 mume mmoja Marekani aliandika mtandaoni akilalamika kwamba kifaa cha mkewe kimeharibika, kinaonyesha mapigo ya moyo ya mkewe yamepanda siku nzima hata akiwa amekaa. Wasomaji wakamjibu: hebu mpime mimba. Alikuwa mjamzito kweli. Mapigo ya moyo hupanda mapema katika ujauzito, kabla ya tumbo kusema chochote. Sasa weka kisa hicho ghalani kwenu, kwa mwanamke ambaye mkataba wake unaisha mwezi ujao, na anayeona ile namba ni mtu wa utumishi.

Au chukua mfano wa kwetu kabisa. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, nusu ya hizo saa zitaonyesha watu wanaoamka saa kumi alfajiri kula daku, kila siku, mwezi mzima, na mchana hatua zinapungua. Hakuna aliyeulizwa dini yake kwenye fomu, lakini orodha ya Waislamu wa kampuni iko pale, imejiandika yenyewe. Na ndani yake aliyetazamiwa kufunga na hakuamka naye anaonekana. Pombe vilevile huacha alama yake, mapigo yakibaki juu usiku mtu akiwa amelala. Vivyo hivyo homa, na zamu ya pili ya siri ya yule kijana anayeendesha bodaboda usiku ili alipe kodi ya chumba.

Sasa haki. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Sheria hiyo inazitenga taarifa nyeti, zikiwamo za afya na zile zinazofichua imani ya dini, na kwa hizo haitoshi mtu kunyamaza au kuitikia kwa kichwa. Inatakiwa ridhaa ya maandishi, na ridhaa hiyo unaweza kuiondoa wakati wowote bila kutoa maelezo na bila kulipa. Pia anayekusanya anatakiwa akwambie anakusanya kwa lengo gani, na alichokusanya kwa lengo moja asikigeuzie jingine. Lengo mliloambiwa ni afya na bima. Msimamizi wa ghala si daktari wala si wakala wa bima. Kwa maoni yangu alipofungua usiku wako alitoka nje ya lengo hilo, hata kama hakuwa na nia mbaya. Inawezekana kabisa alikuonea huruma. Huruma haimpi kibali.

Lipo na suala la ridhaa ya mwajiriwa, ambalo wanasheria wa data hubishana nalo kila mahali. Bosi akikuwekea fomu mezani, amesimama, wenzako wanasubiri kwenye foleni nyuma yako, sahihi yako ina uzito gani? Watu wa Ulaya huiona ridhaa ya namna hii kwa mashaka makubwa, kwa sababu anayeomba na anayeombwa hawako sawa. Mimi nakubaliana nao. Kipimo changu ni chepesi: kama kukataa kunakuletea hasara yoyote, hata ya kununiwa, ile haikuwa ridhaa.

Hilo la nafuu ya bima lichunguze vizuri. Afrika Kusini kampuni ya Discovery imekuwa na mpango wake wa Vitality tangu miaka ya tisini, ukitembea na ukienda jimu unapata pointi. Marekani, kampuni ya bima ya maisha ya John Hancock ilitangaza Septemba 2018 kwamba bima zake zote mpya za maisha zitakuja na mpango wa aina hiyo. Kujiunga kabisa na ufuatiliaji si lazima, wanasema, ila punguzo linamwendea anayefuatiliwa. Piga hesabu ya dukani: bei ikiwa elfu kumi na anayevaa saa analipa elfu tisa, muda si mrefu elfu tisa ndiyo itaitwa bei, na asiyevaa atakuwa analipa faini ya elfu moja.

Kwenye ile orodha ya Jumatatu nitakaa kidogo, maana inaniudhi. Kwanza, hatua elfu kumi hazikutoka kwa daktari. Mwaka 1965 kampuni ya Kijapani iliuza kifaa kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, na jina la biashara likageuka kuwa amri ya afya dunia nzima. Utafiti uliochapishwa Marekani 2019 kwa wanawake wazee ulikuta faida inapanda kadiri mtu anavyotembea, kisha inakaribia kusimama kwenye hatua kama 7,500. Pili, saa ya mkononi huhesabu mkono, haihesabu mguu. Siku moja nilikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi mbili za wali, nikainuka saa imeniandikia hatua mia mbili na ushei. Sikuwa nimesogea. Kinyume chake, mtu anayesukuma toroli ghalani, mikono imeshika mpini imetulia, anaweza kuzunguka nusu siku saa ikamhesabia kidogo sana. Yaani anayetaniwa kwamba ni mvivu huenda ndiye aliyebeba mzigo wa wenzake. Waulize wapakiaji wenu wako nafasi ya ngapi, kisha waulize na waliokaa ofisini wakitingisha mikono.

Na kalori ni mbaya zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa saba mwaka 2017. Mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Nguvu iliyotumika mwilini, kile kilichokaribia zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichoshindwa vibaya kwa asilimia 93. Pia walikuta makosa ya mapigo yanaongezeka kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, jambo ambalo ukikumbuka ule mwanga wa kijani halishangazi: melanini, ile rangi ya ngozi, nayo hunywa mwanga. Kwa hiyo saa inayowatolea orodha ya Jumatatu hukosea hatua, hukosea kalori, na mapigo ya wenye ngozi kama yetu huyasoma kwa taabu zaidi. Mwenzenu mwenye mguu mbovu au mwenye kisukari aliyekatazwa kutembea sana anachekwa kwa namba za namna hiyo. Angekuwa ndugu yangu ningeshalia na mtu.

Basi ufanye nini. Usiivue kwa hasira mbele ya watu. Ukifanya hivyo mazungumzo yatageuka kuwa ya tabia yako. Nenda kwa afisa utumishi kwa upole, ukiwa na barua fupi, nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Uliza ni taarifa zipi zinakusanywa kuhusu wewe, nani ndani ya kampuni anaziona, zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani, kampuni ya bima inapelekewa nini, majina au jumla tu. Omba nakala ya zako. Ni haki yako kuziona, na nikwambie, ofisi nyingi zikishaombwa nakala ndipo zinagundua kwamba hazijui zina nini. Kisha andika sentensi moja inayosimama peke yake: "Sikubali rekodi za usingizi na mapigo ya moyo wangu zionwe na msimamizi wangu au mtu mwingine kazini, na ninaondoa ridhaa yangu kwa hizo." Usieleze kwa nini hulali. Hilo ni lako na mumeo.

Pendekeza na njia ya kati, bosi apate pa kutokea bila aibu. Kila mtu afungue akaunti yake mwenyewe kwa namba yake. Anayetaka kushiriki apeleke hatua tu, tena kwa idara: ghala imetembea jumla hii, mauzo jumla ile. Mnaweza kushindana na kutaniana hivyo bila mtu mmoja kuanikwa. Wakikataa na kukuandama, hapo ndipo malalamiko yanapelekwa Tume, na ile nakala yenye muhuri ndiyo itakayokusemea. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, nenda na watatu au wanne. Mkaidi huwa mmoja. Wakifika wanne wanaitwa wafanyakazi.

Wakati unasubiri majibu, vaa mchana na uivue ukifika nyumbani, iache kwenye chaji. Mkataba wako wa kazi sidhani kama una kipengele cha kulala. Na kwenye simu yako ingia kwenye mipangilio, tafuta ile aplikesheni, tazama ruhusa ulizoipa. Saa ya kuhesabu hatua haihitaji majina ya watu kwenye simu yako wala kusoma meseji, labda kama unataka meseji zionekane mkononi. Eneo ulipo, kipaza sauti, kumbukumbu za simu ulizopiga, zima zote, uone nini kitagoma. Aghalabu hakuna. Kama kuna wenzako wa jogging wanaorusha ramani ya mbio zao kila alfajiri, waambie wafiche mwanzo na mwisho wa njia, kwa sababu ramani inayoanzia mlangoni pako ni kuelekeza watu kwako. Mwanzoni mwa 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aliitazama ramani ya dunia iliyotolewa na Strava, programu ya wakimbiaji, akaona mistari inang'aa katikati ya jangwa. Walikuwa askari wakikimbia kuzunguka kambi zao, ambazo wengine hawakutakiwa kujua zilipo. Kama jeshi lilijisahau, sisi je.

Kwa mtoto, jibu langu ni hapana kwa sasa, na sababu ni ya kiufundi kuliko ya malezi. Oktoba 2017 baraza la walaji la Norway lilizichunguza saa za GPS za watoto likakuta baadhi yake mgeni anaweza kuziingilia, akajua mtoto alipo na hata kuwasiliana naye. Mwezi uliofuata Ujerumani ikapiga marufuku saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri, na mamlaka ikawashauri wazazi waziharibu kabisa. Tatizo kubwa ni saa za bei rahisi zisizo na jina, ambazo hujui seva yake, yaani kompyuta inayotunza taarifa zake, iko wapi. Mumeo ana hofu ya haki, barabara zetu na hizi bodaboda nazijua. Akisisitiza, basi iwe ya kampuni inayojulikana, nenosiri lile la kiwandani libadilishwe siku hiyohiyo, na sehemu ya kusikiliza izimwe. Mwalimu naye aambiwe, hana sababu ya kurekodiwa darasani bila kujua. Ila kwa mtoto wa darasa la tatu anayekwenda shule ya mtaani, mimi ningetafuta kwanza jirani wa kuongozana naye.

Vipele ni jambo la kawaida, wala usidhani ni wewe tu. Mwaka 2014 Fitbit ililazimika kurudisha bangili zake aina ya Force, kama milioni moja, kwa sababu ya ngozi za watu kuwasha. Mara nyingi ni jasho na sabuni vinavyobaki chini ya mkanda, hasa kwa joto la Dar. Osha mkanda kwa maji matupu, ukaushe, legeza tundu moja, badilisha mkono. Vikiendelea baada ya wiki hata ukiwa hujaivaa, nenda ukaonwe na daktari wa ngozi, ukachukue na saa yenyewe mkononi aione ile bati ya nyuma. Wengine hudhurika na madini ya nikeli. Akikuandikia cheti kwamba usiivae, kipeleke utumishi pamoja na ile barua.